Muuza gongo akitozwa kodi, akatiwe gharama zake?

MTOA MADA
Wakuu wa Moshi, jana tumebishana Kiboriloni hadi chai ikapoa. Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu wachezesha kamari haramu wa Chicago kuondoa pango na mishahara kwenye mapato yao kabla ya kodi. Mwaka 1981 muuza kokeini wa Minneapolis akakatiwa mpaka gharama za mzani na simu! Bunge lao likashtuka, 1982 likawafungia mlango wauza dawa za kulevya. Wakabakiwa na gharama ya kununulia mzigo, basi.

Mimi nasimama na mahakama. Kodi ya mapato inafuata faida. Mama kauza gongo ya milioni moja, sukari guru na kuni zimekula laki tisa. Ukimtoza asilimia 30 ya milioni yote, unadai laki tatu kwa mtu aliyebakiwa na laki moja. Hiyo ni faini isiyo na hakimu. Kumwadhibu ni kazi ya polisi na mahakama.

MHASIBU
Mkuu, Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya 2004 inagusa malipo yenyewe: rushwa haikatwi kwenye mapato, faini ya serikali haikatwi. Lori likizidisha uzito, faini ya mizani inabaki kwa mwenye lori. Dizeli ya safari ile ile anaiingiza kwenye vitabu kama kawaida. Mpaka huo naukubali.

MUUZA NYANYA, MBUYUNI
Mnanichekesha. Mimi nalipa kodi ya makadirio kwa mauzo. Tenga likioza, shauri yangu. Kuli akitaka chake, shauri yangu. Hamjawahi kunifungulia mjadala, leo gongo ndiyo inaonewa?

MTOA MADA
Dada, wewe ukitunza kumbukumbu unapata nafuu. Yeye akizitunza, zinakuwa ushahidi wa kumfunga.

MUUZA NYANYA, MBUYUNI
Si aache gongo auze nyanya?

MHASIBU
Tuwe wakweli, hakuna atakayepeleka risiti ya sukari guru TRA kwa hiari yake. Ubishi huu una maana akishakamatwa na deni linakokotolewa. Wanasheria mliopo, nisaidieni: mapipa yaliyomwagwa na polisi yanahesabiwa hasara ya biashara, au ni sehemu ya adhabu?