Luxembourg siku sita, ngome na shamba, bila kukodi gari: tupange vipi?

MtuWaWete

Assalaam alaykum wakubwa. Mimi na mke wangu tunakusudia kwenda Luxembourg mwisho wa Septemba, siku sita. Maduka ya mjini hatuna haja nayo. Tunataka ngome za kale, mito, misitu na vijiji, na gari hatukodi. Viza tuanzie wapi? Ngome zipi zinafikika kwa treni na basi? Na tulale mji gani ili tusihamehame na mabegi?

Bi_Mkunazini

Waalaykum salaam. Nakujibu la viza, maana ndipo wengi wanapokwama.

Luxembourg imo katika Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini haina ubalozi Dar es Salaam. Ombi hupokewa na nchi nyingine ya Schengen inayoiwakilisha, na maelezo yamo kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Luxembourg. Yasome kabla hujakata tiketi ya boti ya kwenda Dar. Hata mkishukia Frankfurt au Brussels, ombi linakwenda kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si kwa nchi mtakayopitia. Wanaoomba kwa Wajerumani kwa kuwa ndege inatua Ujerumani hurudishiwa makaratasi yao.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na hairudi hata mkinyimwa. Kituo cha kupokea maombi kina ada yake mbali. Bima ya safari ilipie matibabu yasiyopungua euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na tarehe zake zikamilishe siku zote za safari. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu la kawaida ni siku 15 ila linaweza kufika 45, kwa hiyo safari ya mwisho wa Septemba makaratasi yapelekwe Juni au Julai. Alama za vidole mnakwenda kutoa wenyewe, nyote wawili, isipokuwa kama mlishatoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita.

Taarifa ya benki ndiyo inayoangusha wengi. Akaunti iliyokaa kavu miezi mitano halafu ikaingia milioni nyingi wiki ya mwisho inaonekana ni pesa ya kuazima. Bora kiasi cha wastani kinachoingia kila mwezi, kiendane na barua ya kazi au leseni ya biashara. Barua ya sheha na cheti cha ndoa, kama vimeandikwa kwa Kiswahili, vitafsiriwe na muambatishe nakala zote mbili.

Shangani77

Kwa usafiri mmechagua nchi sahihi. Tangu mwisho wa Februari 2020 treni, mabasi na tramu ni bure nchi nzima kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Hakuna tiketi wala kadi ya kugusisha, unapanda tu. Kinacholipiwa ni daraja la kwanza kwenye treni, na safari inayovuka mpaka. Ukitoka Brussels kwa treni unalipa, ukishaingia ndani hulipi tena.

Nchi yote ni kilomita za mraba 2,586, haipishani sana na Unguja na Pemba ukizijumlisha. Ndiyo maana nasema msihame. Laleni Ettelbruck au Diekirch, siku zote sita. Ettelbruck ni nusu saa hivi kwa treni kutoka Luxembourg mjini, na mabasi mengi ya kaskazini yanaanzia hapo.

Vianden ipeni siku nzima. Ngome ilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 14 juu ya mabaki ya Warumi. Mwaka 1820 iliuzwa, ikabomolewa vipande vipande hadi ikawa gofu, na ikatengenezwa upya baada ya kuwa mali ya serikali mwaka 1977. Kosa la wengi ni kuipanda kwa barabara ya mawe kutoka darajani. Ile njia ni mteremko mkali, na mtu anafika juu magoti yamekwisha hata vyumba havitazami vizuri. Fanyeni kinyume. Kule chini karibu na mto Our kuna viti vya kuning'inia kwenye waya, wenyewe wanaita télésiège. Viti vinapita juu ya mto na juu ya miti na kukushusha mahali palipo juu kuliko ngome yenyewe. Kutoka hapo unateremka kwa miguu msituni, na ngome unaiona kwanza kwa mapaa yake. Ukimaliza, endelea kuteremka mpaka mjini. Viti hivyo hufungwa msimu wa baridi. Septemba vinafanya kazi, ila mvua au upepo ukizidi husimamishwa.

Bourscheid ndiyo ngome kubwa kuliko zote, gofu lililokaa kiasi cha mita 150 juu ya mto Sûre. Treni inakuacha Michelau, kisha kuna kupanda. Mchukue maji. Clervaux ni rahisi, treni moja kwa moja: ngome iliungua Desemba 1944 vitani, ikajengwa tena, na ndani kuna picha 503 alizokusanya mpiga picha Edward Steichen, mzaliwa wa nchi hiyo.

Beaufort zipo mbili mahali pamoja, gofu la kale na kasri la karne ya 17. Hapo wanauza kinywaji chao cha matunda meusi, Cassero. Ni pombe, msidhani sharubati.

Pwani_Mchangani

Naongezea kwa Shangani77: kuwa bure hakumaanishi basi lipo muda wote. Jumapili mabasi ya shamba yanapungua sana. Wekeni programu ya mobiliteit.lu kwenye simu na muangalie basi la *kurudi* kabla ya kuondoka. Kituoni mnyooshee mkono dereva, la sivyo anapita. Treni nayo mlango haufunguki mpaka ubonyeze kitufe. Na ratiba wanaandika saa 24: 14:05 ni saa 8 na dakika 5 mchana, na saa zao wakati huo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

MtuWaWete

Ahsanteni sana. Bado chakula na sala. Na ile njia ya kutembea kwa miguu ya Mullerthal, mke wangu ataiweza?

Maalim_Chwaka

Mullerthal ni kilomita 112 katika mizunguko mitatu, na hakuna anayewalazimisha kuimaliza. Nendeni Echternach kwa basi, treni haifiki huko. Fuateni alama ya herufi M nyekundu hadi Berdorf, kama kilomita 6, kisha mrudi kwa basi. Njia inapita katikati ya miamba mirefu ya mawe ya mchanga, pengine upana wa mtu mmoja tu. Asubuhi mawe na mizizi huwa na umande na yanateleza, kwa hiyo viatu viwe na meno chini. Kandambili na raba za soli laini hapana. Soksi ndefu pia, kupe wapo, na jioni mjikague nyuma ya magoti.

Chakula: chakula chao cha taifa, Judd mat Gaardebounen, ni nguruwe na maharage. Kniddelen, madonge ya unga, hutiwa vipande vya nguruwe, na supu ya maharage mabichi, Bouneschlupp, mara nyingi vilevile. Samaki trauti hupikwa kwa mvinyo, muombe wa kukaanga. Gromperekichelcher ni viazi vya kukwaruzwa, kitunguu, yai na unga, jamaa wa bajia. Ulizeni tu mafuta ya kukaangia. Vijijini msitegemee nyama ya halali. Jumamosi nunueni mkate, mayai, jibini na samaki wa kopo, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa.

Sala: mwisho wa Septemba jua linatua kama saa 1 na nusu usiku, na kibla ni kusini-mashariki. Adhuhuri na alasiri zitawakuta njiani, basi mswala mwepesi na chupa ya kutawadhia viwe ndani ya begi la mgongoni, si lile mnaloliacha hotelini.