Naombeni ushauri: mwanafunzi ameniuliza swali la mapinduzi ya Marekani, nimekwama

Chaki_Nyeupe: Habari zenu wakuu. Nafundisha historia kidato cha tano. Juzi niliandika ubaoni: "Wakoloni wa Marekani na mtawala wao, 1763–1775." Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, mkoloni anaonewaje na mkoloni mwenzake?" Darasa zima likanikazia macho. Nilijibu ovyo, na tangu siku hiyo sina amani. Halafu sheria ya chai ya 1773 ilishusha bei. Mtu anakasirikiaje kitu kilichoshuka bei? Kipindi ni Jumatatu, nisaidieni.

Bi_Kumbukumbu: Pole mwalimu. Futa "wakoloni", andika "walowezi". Kwetu mkoloni ni yule aliyetutawala. Hawa walikuwa Waingereza waliohamia ng'ambo na kukalia ardhi ya wenyeji. Hapo binti keshapata nusu ya jibu. Nusu nyingine ni deni. Vita vya Miaka Saba, Uingereza dhidi ya Ufaransa, viliisha 1763, Uingereza ikabaki na madeni mazito, ikataka walowezi nao wachangie. 1765 ikaja Sheria ya Stempu: gazeti, leseni, wosia, hata karata, vyote vilipiwe. Huna mbunge hata mmoja London, lakini wosia wa marehemu baba yako unatozwa! Ilifutwa 1766, ila siku hiyohiyo Bunge likatangaza kwamba lina mamlaka ya kuwatungia sheria kwa jambo lolote lile. Kwangu mimi, kidonda kilibaki hapo.

Nahodha77: Kuhusu chai: bei ilishuka kwa kuwa Kampuni ya India Mashariki, kampuni kubwa ya biashara ya Waingereza, iliruhusiwa kuipeleka moja kwa moja Marekani. Ushuru wa peni 3 kwa ratili haukuondolewa. Ukiinywa, umekubali kutozwa na watu usiowachagua. Wafanyabiashara na wauza magendo nao wakaona riziki yao inakatwa. Usiku wa 16 Desemba 1773, bandarini Boston, watu walipanda meli tatu wakapasua makasha 342 kwa mashoka. Maji yalikuwa yamekupwa, chai ikarundikana ubavuni mwa meli. Kwa adhabu, London ikafunga bandari hiyo 1774, na makoloni mengine yakasimama na Boston. Aprili 1775 bunduki zikalia Lexington, karibu na Boston, vita vikaanza.

Mtoto_wa_Mwalimu: Nafuatilia. Hata mimi nafundisha mada hii.

Mzee_Kikombe: Mwanangu, usiifananishe na Maji Maji. Waliopigana 1905 walikuwa wenye nchi. Mfano wa karibu ni Rhodesia, Zimbabwe ya leo: 11 Novemba 1965 walowezi wa Ian Smith walijitangazia uhuru, na tamko lao waliliunda kwa kufuata lile la Marekani la 1776. Mwezi uliofuata Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya jambo hilo. Nami namuuliza binti yako: mlowezi akidai uhuru, mtumwa shambani Virginia anaupata?

Chaki_Nyeupe: Asanteni sana, shikamoo mzee. Jumatatu naanza na wosia wa marehemu, kisha namwita binti aje mbele, aulize tena swali lake.

Mzee_Kikombe: Marahaba. Utuletee alichosema.