Namaliza digrii ya upigaji picha: hoteli Diani, studio Majengo au nibaki Nairobi?

Binti_Kibokoni
Assalamu alaikum, na habari zenu wote. Naomba ushauri, hasa kwa walio ndani ya kazi hii hapa Pwani.

Namaliza digrii ya upigaji picha Nairobi, yamebaki maonyesho ya mwisho tu. Kazi yangu ya mwaka huu ni ya mabaharia wa majahazi pale Bandari ya Kale, Mombasa. Mwalimu ameipenda sana, lakini baharia hanunui picha. Sasa nyumbani wanauliza nitafanya nini.

Hoteli moja Diani imeniletea mkataba wa miezi sita: wageni, vyumba, vyakula. Mshahara si haba. Shangazi yangu ana saluni Majengo ya hapa Mombasa, yuko tayari kunipa chumba cha nyuma nifungue studio. Na Nairobi kuna wenzangu wanaotaka tutafute pamoja kazi za magazeti na mashirika. Ami yangu kila nikikaa naye hunitajia Mohamed Amin, yule mpiga picha maarufu wa Kenya, akimaliza huniuliza kwa nini sikusomea uhasibu.

Kamera ninayo, lensi mbili, flashi moja. Ungekuwa wewe ungeanzia wapi?

Fundi_Flashi
Hoteli. Mpiga picha mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni wa kuhesabika mji huu. Wewe unapewa mkononi halafu unauliza?

Nahodha_Mstaafu
Ami yako asimtaje Mohamed Amin nusunusu. Camerapix, kampuni yake ya picha, aliifungua Dar es Salaam 1963, na picha za njaa ya Ethiopia zilizoutikisa ulimwengu ni za 1984. Hapo katikati kuna miaka 21 ya kufukuzia kazi. Mwambie akulipie kodi ya nyumba muda huo wote, kisha adai.

Fundi_Flashi
😂😂 Mzee umemaliza.

Mama_Kupamba
Mwanangu, waalaikum salaam. Nashangaa hakuna aliyeligusa hili: wewe ni mwanamke, wa Mji wa Kale, na umesomea. Wajua ni wangapi wanatafutwa kama wewe?

Nenda harusi yoyote ya kwetu usiku wa kupamba. Mlangoni simu zinawekwa kwenye mfuko au kamera inabandikwa karatasi, mabuibui yanavuliwa, na mwanamume haingii hata akiwa amebeba jenereta. Anayepiga picha lazima awe mwanamke. Sisi tunaofanya kazi hii hatutoshi. Ukifika Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, harusi zinapandana, na mimi nakataa kazi kwa kukosa mtu wa kumwachia.

Lakini kupiga ndiyo sehemu nyepesi. Mama wa bibi harusi hatakuuliza kamera yako ni aina gani, atakuuliza picha nani anazisafisha. Ukimwambia unazipeleka dukani mjini, kwa vijana wa kiume walioketi mbele ya kompyuta, umeipoteza kazi palepale. Mimi nahariri mwenyewe kwenye kompyuta isiyoingia intaneti, nachapisha kwa printa yangu, albamu naikabidhi mkononi mwa bibi harusi, na baada ya hapo nafuta mbele yake akitaka. Kwenye ukurasa wangu hutaona sura hata moja. Naweka mikono yenye hina, vitambaa, mapambo ya jukwaa, basi. Wateja wananijia kwa mdomo wa watu.

Kwa hiyo hicho chumba cha shangazi usikidharau. Bibi harusi anasukwa wapi? Anapakwa hina wapi? Wewe utakuwa nyuma ya ukuta tu. Zamani studio ya Parekh hapo mjini ilisifika kwa namna watu walivyoingia wamejipamba, wakatoka na picha ya kujivunia. Hamu hiyo haijaisha, ila wanawake wengi wa kwetu hawataki kukaa mbele ya mwanamume.

Na arbuni uchukue, nusu kabla ya siku. Usione haya kwa sababu ni jirani. Jirani ndiye atakayekuzungusha zaidi.

Wakili_Ukunda
Kabla hujatia sahihi huko Diani, soma sehemu ya hakimiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, iko wazi: kazi ukiifanya chini ya ajira, au ukiagizwa na mtu, haki inahesabiwa imehamia kwa mwajiri au aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wapiga picha wengi wanadhani aliyebonyeza ndiye mwenye picha. Sivyo, mkinyamaza.

Mkataba wako unasemaje hasa?

Binti_Kibokoni
Unasema "picha zote zitakazopigwa na mfanyakazi katika muda wa mkataba". Hausemi za wageni wala za hotelini. Zote.

Wakili_Ukunda
Basi siku yako ya mapumziko ukivuka feri ukapige mabaharia wako, wanaweza kuja kudai hizo nazo. Omba ibadilishwe isomeke "zilizopigwa kwa kazi ya hoteli", na uongeze ruhusa ya kutumia baadhi kwenye potfolio yako, yaani mkusanyo wa kazi zako za kuonyesha wateja. Hoteli yenye nia njema haitagombana na sentensi mbili. Wageni nao wakubali kabla picha zao hazijawekwa kwenye matangazo, kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Watoto, mpaka mzazi akubali. Hata ukurasa wa saluni uko chini ya sheria hiyohiyo.

Fundi_Flashi
Haya, kwa hilo la mkataba nanyamaza. Ila miezi sita kuanzia lini? Ikianza Novemba utapata msimu mzuri. Ikianza Aprili utapiga picha za mvua na vitanda vitupu.

Na kitu ambacho chuo cha Nairobi hakikufundishi: joto na unyevu wa huku. Lensi ikilala ndani ya begi bila kutumika inaota ukungu ndani ya kioo, nyuzinyuzi kama za utando, na fundi wa kuifungua ni ghali. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje, iache ndani ya begi kwanza, la sivyo kioo kitajaa umande na bibi harusi anaingia.

Binti_Kibokoni
Shukran sana nyote. Mkataba unaanza Novemba. Nitawapelekea marekebisho hayo ya maneno, wakikataa narudi kwa shangazi. Mama_Kupamba, naweza kuja kukusaidia harusi moja kabla sijaamua? Sihitaji malipo.

Mama_Kupamba
Utalipwa, usijianzie mazoea mabaya. Nimekutumia ujumbe faragha. Njoo na betri mbili za akiba na viatu vya kusimama mpaka saa nane za usiku. Na usivae cha kumetameta, bibi harusi hataki mshindani.