Raspberry Pi za maghala ya korosho: niiamini /dev/hwrng?

Swali
Wakuu, nina Raspberry Pi 4 sita (kompyuta ndogo) kwenye maghala ya Newala na Tandahimba. Zinatuma uzito wa mizani hadi seva ya Mtwara mjini kwa WireGuard (VPN, njia iliyosimbwa). Nimepima chipu yake ya namba nasibu, /dev/hwrng, kwa `sudo rngtest -c 1000 < /dev/hwrng`: vipande 999 vimefaulu, kimoja kimefeli. Chipu hiyo inatosha kuzalisha funguo, au niweke `random.trust_cpu=off` ili kerneli (kiini cha mfumo) isiiamini? Kadi zote nimenakili kutoka kadi moja iliyokwisha kusetiwa. Pia ghala moja likiingia hewani, jingine linakatika. Nadhani ni mtandao.

Jibu 1
Kimoja kwenye elfu ni kawaida. Ila kufaulu nako hakuthibitishi kitu. Jaribu:

`openssl enc -aes-256-ctr -nosalt -pass pass:korosho -in /dev/zero | rngtest -c 1000`

Nayo itafaulu, ilhali yeyote anayejua neno "korosho" anazitoa namba zilezile mwanzo hadi mwisho. Kipimo hiki kinakamata chipu mbovu, si chipu iliyochezewa.

Jibu 2
trust_cpu haikuhusu, mkuu. Inagusa amri za kutoa namba nasibu zilizo ndani ya prosesa yenyewe, kama RDRAND. Cortex-A72, prosesa ya Pi 4, haina. Kwenye seva ndiko kwenye maana: prosesa za Ryzen 3000 zilipotoka mwaka 2019, RDRAND ilirudisha biti zote 1 huku ikidai imefanikiwa, mpaka BIOS (programu ya kuwashia mashine) iliposasishwa. Ndiyo maana chipu haisomwi yenyewe peke yake. `wg genkey`, amri ya kuzalisha ufunguo wa WireGuard, inaomba namba kwa kerneli kupitia `getrandom()`, na kerneli inakoroga chipu pamoja na nyakati za interapti, yaani ishara za vifaa kwa prosesa (kwa hashi ya BLAKE2s tangu Linux 5.17). Chipu ikidanganya, vyanzo vingine bado vipo.

Jibu 3
Mnahangaika na chipu, tatizo liko kwenye kadi. Uliponakili kadi ulinakili na ufunguo. Pi sita, ufunguo wa siri mmoja: seva inaziona kama mashine moja, na anayetuma mwisho ndiye anayejibiwa. Tazama `wg show` kwenye seva, utaona endpoint (anwani ya mtumaji) inarukaruka. Kwenye kila Pi:

`sudo rm /etc/ssh/ssh_host_* /var/lib/systemd/random-seed`
`sudo ssh-keygen -A`
`wg genkey | tee siri | wg pubkey > umma`

Tanguliza `umask 077` ili watumiaji wengine wasisome faili la siri. Kila Pi ipewe IP yake kwenye AllowedIPs (IP zinazoruhusiwa kwa kila ufunguo), na usianzishe upya wg0 (kiungo cha WireGuard) kabla seva haijapokea ufunguo mpya wa umma, la sivyo utapanda gari hadi Newala.

Muuliza swali
Endpoint inaruka kweli, kila sekunde chache. Na mimi nimebadilisha laini mara mbili!