Dawa za TB na vidonge vya majira, vinaendana?

Mama Mashuka: Habari zenu wapendwa. Natumia majira tangu mwanangu aanze chekechea, vile vya paketi ya 28, vyeupe 21 na vya kahawia 7. Vimenikubali, sina malalamiko. Jumatatu nimeanzishwa dawa za TB ya mapafu, vidonge vinne kila asubuhi (mkojo umeshakuwa rangi ya Mirinda). Dirishani foleni ilikuwa hadi nje, hakuna aliyeniuliza kama nazuia. Kijana wa duka la dawa ananiambia nimeze majira viwili kwa siku. Wifi naye anasema niache vyote, mwili upumzike. Nimsikilize nani? Biashara ya mashuka ndiyo kwanza inachangamka, mimba sasa hivi sitaki hata kuisikia.

Binti Tabora: Mimi nilishachanganya na amoksilini, wala hakuna kilichotokea. Endelea tu shoga.

Nesi wa Usiku: Binti Tabora, amoksilini haina neno, hii ni habari nyingine. Kwenye dawa za TB kuna rifampisini, hiyohiyo inayopaka mkojo rangi. Inalichochea ini livunje homoni za majira haraka, kinga ya mimba inashuka. Mama Mashuka, kumeza viwili hakukuhakikishii chochote. Na dawa za TB usiziache hata siku moja, tafadhali! Kinachobadilika ni njia ya uzazi wa mpango. Kuanzia leo kondomu, kila tendo, kisha nenda kliniki na kadi yako ya TB. Omba sindano ya miezi mitatu au lupu ya shaba, hizo rifampisini haiziharibu. Kijiti kinaweza kupungua nguvu, mimi nisingekichagua.

Mama Mashuka: Asante dada. Sindano ilimnenepesha dada yangu, naiogopa. Miezi sita ya dawa za TB ikiisha narudi kwenye majira siku hiyohiyo?

Nesi wa Usiku: Hapana, ongeza wiki nne baada ya kidonge cha mwisho cha TB. Basi chukua lupu, haina homoni, ila hedhi inaweza kuwa nzito miezi ya mwanzo. Ukirudi kwenye majira, upimwe presha kwanza. Ikifika 140/90, au ukiwa unaumwa kichwa kinachoanza na vimulimuli machoni, vidonge hivyo si vyako.

Mama Mashuka: Kichwa hakinisumbui, presha Jumatatu ilikuwa 118/76. Kesho kliniki kabla sijafungua meza. Nikitoka napitia duka la dawa, nina maneno na yule kijana.