Tufanyeje ili soko letu la baisikeli za mtumba liaminike?

Mpanda Karura aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo lililoninyima usingizi kwa wiki kadhaa. Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika mtandaoni, kwa mapenzi tu, kuhusu kufufua baisikeli kuukuu zinazoingia nchini kama mtumba: namna ya kung'oa pedeli iliyoshikwa na kutu, namna ya kunyoosha rimu iliyopinda kwa kukaza na kulegeza spoki, na namna ya kutofautisha fremu ya chuma na ya alumini kwa kuigusisha sumaku. Waliokuwa wasomaji wakawa wenzangu. Siku za Jumapili baadhi yetu hukutana katika msitu wa Karura, na mwenye tyubu ya ziada humpa aliyepatwa na pancha bila kutaja bei.

Mwaka jana watu walianza kuulizana nani ana baisikeli ya kuuza. Nikaruhusu matangazo, nikaanza kuyapanga, na sasa karibu kila wiki baisikeli mbili au tatu hupata wenyewe wapya kupitia kwetu. Mambo yalikuwa mazuri mpaka mwezi wa Machi, mwenzetu mmoja wa Ruaka aliponunua baisikeli ya milimani kwa shilingi 28,000. Fundi wake alipoisafisha alikuta, chini ya rangi mbichi, ufa mwembamba kama unywele mahali bomba la kiti linapoungana na bomba la juu. Muuzaji alikuwa amejiunga nasi siku tisa tu kabla ya hapo; alipokea pesa kwa M-PESA, kisha akazima simu. Mnunuzi hakunilaumu, ila aliniambia neno ambalo bado linanichoma: kwamba muuzaji hakumjua hata kidogo, aliyemwamini ni mimi.

Sitaki kulifunga soko hili, kwa maana limewasaidia vijana wengi kupata baisikeli ya kuendea kazini kwa bei wanayoimudu. Je, nianze kushika pesa za wanunuzi mpaka waridhike? Nitoze asilimia fulani ya bei? Na wageni niwapokee vipi bila kuwageuza wenzetu wa miaka yote kuwa mabawabu?

Karani wa Umoja alijibu:

Pole sana, ndugu, na umfikishie pole zetu mwenzetu wa Ruaka. Nitajibu swali la pesa kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Tafadhali usishike pesa za watu. Sheria ya Mfumo wa Malipo wa Kitaifa ya mwaka 2011 inamtaka anayetoa huduma za malipo awe na idhini ya Benki Kuu ya Kenya, na hata tukiiweka sheria kando, fikiria siku utakayoibiwa simu ukiwa na shilingi 90,000 za watu watatu, kila mmoja akidai chake jioni hiyo hiyo. Ni afadhali mnunuzi na muuzaji wakutane ana kwa ana, baisikeli ikaguliwe, ndipo mnunuzi alipe papo hapo, akisoma kwanza jina linalojitokeza kwenye simu na kulilinganisha na kitambulisho cha muuzaji aliye mbele yake. Muuzaji naye asitosheke na ujumbe wa malipo anaoonyeshwa, wala ule ulioingia kutoka nambari asiyoifahamu, kwa kuwa ujumbe wa kughushi umezagaa mjini. Aangalie salio lake kabla ya kuachilia usukani.

Vitambulisho vitazamwe tu, picha zake usizihifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inambebesha wajibu mzito kila anayeweka taarifa za watu, na picha za vitambulisho mia moja ndani ya simu moja ni hazina kwa tapeli. Siku utakapoanza kutoza ada yoyote, sajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na uchukue nambari ya Lipa na M-PESA, ili anayekulipa aone jina la soko badala ya jina lako.

Fundi wa Kariobangi alijibu:

Mimi ni mtu wa spana, kwa hiyo nitazungumzia chuma. Mnunuzi yeyote aipindue baisikeli magurudumu juu. Chini kabisa, pale mhimili wa pedeli unapopita, kwa kawaida atakuta nambari iliyogongwa kwenye fremu. Tangazo lisilo na picha ya nambari hiyo lisipokewe. Ikiwa imesagwa kwa tupa au kufunikwa kwa rangi nzito, basi kuna jambo linafichwa, na hapo huruma iwekwe kando: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga hadi miaka 14 mtu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Nambari zote ziorodheshwe hadharani, pamoja na zile za baisikeli zilizoibiwa wenzetu, ili mwizi ajue kwamba kwenu hapapitiki.

Kuhusu ufa, chukua kipande cha pamba, futa fremu mpaka ikauke, kisha ukipitishe polepole kwenye kila kiungo: chini ya kiti, nyuma ya kichwa cha usukani, kuzunguka mhimili wa pedeli. Penye ufa uliofunguka, nyuzi za pamba hunaswa hata kama jicho halioni kitu. Rangi mpya kwenye kiungo kimoja tu, huku sehemu nyingine za fremu zikiwa na mikwaruzo ya zamani, ni sababu tosha ya kuikwangua kidogo au kuiacha kabisa. Nipo tayari kukagua baisikeli siku za Jumapili.

Naomba pia kujua: fremu ya mwenzetu wa Ruaka, sumaku hushika au haishiki?

Dada wa Donholm alijibu:

Kaka, nimewaongoza akina mama wenzangu kwa miaka kadhaa katika kuuziana nguo za watoto na vyombo vya nyumbani kupitia chama chetu, na tulipita njia hii hii mnayopita, machozi yakiwemo. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, aliyekuja kutunukiwa Nobel mwaka 2001, alilieleza tatizo lenu kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, hutoa bei ya katikati, mwenye gari zima huona anapunjwa, akaondoka, sokoni yakabaki mabovu. Hasara yenu kubwa, kwa hiyo, inapita zile shilingi 28,000. Ni muuzaji mwaminifu ambaye kesho ataona wanunuzi wamekuwa na shaka mno kiasi cha kutomlipa thamani halisi ya kazi yake, naye ataamua kuuza kwingine.

Kwetu kilichosaidia ni udhamini. Mgeni hauzi mpaka wanachama wawili waliowahi kuonana naye wamdhamini kwa majina yao, na akiharibu, wadhamini hao hawadhamini mtu mwingine kwa mwaka mzima. Hatukuwatoza faini, kwa sababu faini hulipwa ikasahaulika, ilhali kunyimwa haki ya kumsemea mwenzako mbele ya chama kunauma.

Maoni ya wanunuzi na wauzaji nayo yana mtego wake. Pierre Omidyar alipoanzisha mwaka 1995 soko la mtandaoni lililokuja kuitwa eBay, ugomvi wa watu ulimfikia yeye mwenyewe, mpaka mwaka 1996 alipofungua mahali ambapo kila mmoja angemsifu au kumlalamikia mwenzake mbele ya wote. Baadaye watu wakajifunza kulipizana kisasi: ukinisema vibaya, nami nakusema. Mwaka 2008 eBay ikawaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya, na mwaka 2014 Airbnb, mtandao wa kukodishiana malazi, ikaanza kuyaficha maoni ya mgeni na ya mwenyeji mpaka wote wawili wawe wameandika au muda uliowekwa uishe. Fanya hivyo hivyo: kila mmoja akuandikie kivyake, kisha uyatoe yote mawili kwa pamoja.

Usitoze asilimia ya bei, nakusihi. Ukipata asilimia, utatamani kila biashara ikamilike, hata ile ambayo moyo wako unaikataa. Toza ada ndogo ya tangazo iliyo sawa kwa wote. Fundi alipwe na mnunuzi, baisikeli ipite au isipite, kwa sababu fundi anayelipwa na muuzaji ataona tabu kusema kwamba kuna ufa.

Fundi wa Kariobangi alijibu:

Dada, hoja ya malipo naikubali kabisa, lakini udhamini unanitia wasiwasi. Kijana wa Kayole aliyefufua baisikeli moja kwa mikono yake, ambaye hamjui mtu yeyote huko Karura, atadhaminiwa na nani? Mtamfungia nje fundi bora kuliko mimi.

Dada wa Donholm alijibu:

Umesema kweli, na kwetu pia jambo hilo lilituumiza mwanzoni. Huyo kijana ailete baisikeli Jumapili, muikague mbele ya watu, mkae naye, mwone anavyojibu anapoulizwa ameirekebisha vipi. Wawili kati yenu watakuwa wameonana naye. Aliyekuja kuuza na kutoweka asingekubali kupindua baisikeli yake mbele ya kundi zima.

Mpanda Karura alijibu:

Nimesoma kila neno mara mbili, na nawashukuru kwa dhati. Pesa sitashika, na asilimia sitatoza. Ada ya tangazo itakuwa shilingi 200 kwa kila baisikeli, ya bei yoyote. Picha ya nambari ya fremu itakuwa sharti kuanzia leo, na matangazo manane ambayo hayana picha hiyo nimeyaondoa asubuhi hii, likiwemo la rafiki yangu wa miaka mitano, ambaye alinuna kidogo kisha akaituma. Udhamini tutaujaribu kwa njia aliyoieleza Dada, mgeni akianzia kwenye ukaguzi. Kisa cha Machi nimekiandika chote kwa uwazi, pamoja na kosa langu la kumruhusu mtu kuuza bila yeyote kati yetu kumwona uso.

Fundi, nimempigia mwenzetu wa Ruaka. Amejaribu sumaku iliyokuwa kwenye mlango wa friji yake, nayo imeshika.

Fundi wa Kariobangi alijibu:

Basi ni chuma, na chuma huchomelewa. Aje nayo Jumapili saa tatu asubuhi kwenye lango la Barabara ya Limuru, akiwa ameing'oa magurudumu na kiti, nami nitaondoka nayo hadi karakana. Kazi hiyo sitamtoza. Mwambie asiikwangue rangi mwenyewe, kwani nataka wenzetu wote wauone ufa huo ulivyofichwa. Nami nitakuja na pamba.