Matajiri wa juzi mnaooza mabinti Dar, mahari siyo tenda!

Wakuu salaam.

Familia ikishajenga nyumba ya geti Goba, binti haposwi tena, anaitishiwa zabuni. Mshenga anapeleka barua na bahasha yake kwa adabu zote, anarudishiwa karatasi iliyochapwa: mahari milioni 10, mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, suti ya mjomba, na faini eti wageni wamechelewa dakika ishirini. Mkaja ni kitambaa cha kufungia tumbo la mzazi, desturi ya Pwani. Leo ni laki tano na anaudai hata mama ambaye kwao hawajawahi kuuona. Ndafu nayo imo, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa Kichaga, wakati ukoo mzima hauna Mchaga hata wa kusingiziwa.

Kwa Waislamu ndiyo aibu kabisa. Mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, baba anajipangia nini?

Kisha kamati ya harusi, hapo ndipo vijana wanapozikwa. Mzee anataka wageni 400 ili wenzake wa biashara wamwone. Piga hesabu: sahani 35,000 mara 400 ni milioni 14, bado ukumbi, mapambo, MC, keki, vinywaji. Mhazini anasoma daftari kwa mbwembwe, "tuna milioni 30!" Hizo ni AHADI, jamani. Wiki ya mwisho taslimu haifiki hata 20, mpishi hawashi jiko mpaka amaliziwe hela yake, na pengo linamwangukia bwana harusi. Anakimbilia kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kunyonya, kadi ya gari inabaki huko. Mzee hachangii hata kreti moja ya soda, ila meza kuu anakaa yeye.

Idadi ya sahani ifungwe siku 14 kabla, kwa hela iliyopo mkononi tu. Mwenye ahadi tupu hapewi kadi ya mwaliko, hata akiwa bosi wa nani.

Na vile vitisho vya "hakuna ndoa mpaka mahari iishe", someni Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41: ndoa haibatiliki kwa sababu ya mahari. Kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa, kama ndoa yenyewe haikufungwa. Kwa hiyo mshenga, ukikabidhi hata elfu kumi, usinyanyuke kwenye mkeka bila karatasi iliyosainiwa na mpokeaji.

Wazee wa Goba, karibuni mnitukane.